Tupeane uzoefu: nani amewahi kumwona karasinga wa Saiwa?

Mwana wa Kipsaina: Binti yangu karudi shule na kazi ya nyumbani kuhusu Saiwa, kumbukumbu zote zikanirudia. Mbuga yetu ya Saiwa, hapa karibu na Kitale, ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi, ina maana imeshapita miaka 50. Ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za taifa Kenya, kilomita za mraba kama 3 tu. Gari haliingii, unatembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao. Nzohe anatajwa na kila mtu. Mimi nauliza juu ya karasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa. Kenya wamebaki wachache. Mwenye kumbukumbu aweke hapa.

Nyar Kisumu: Mimi nawajua tumbili wa pale hifadhi ya swala kando ya ziwa. Walininyang'anya ndizi nikiwa na mtoto mgongoni! Karasinga sijamwona.

Mzee wa Cherangani: Humwoni kwa sababu hataki. Akishtuka hakimbii kama tumbili, anaganda tawini. Nilikaa jukwaani tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne nikitazama ng'ambo, kumbe yuko juu ya kichwa changu. Mkia ndio uliomtoa.

Mkulima Halisi: Mnaowasifu hamna mahindi kando ya msitu. Nilipeleka malalamiko ofisini, nikajaza fomu, mpaka leo kimya.

Mzee wa Cherangani: Pole ndugu, lakini wanaokumaliza ni tumbili na nyani.

Mkulima Halisi: Karasinga nao wanakula. Nimewaona kwa macho yangu.

Mzee wa Cherangani: Sijasema hawali. Familia ya watano haimalizi ekari.

Shemeji wa Kitale: Jina ni kalasinga, kwa L.

Mwana wa Kipsaina: Herufi tutaziamua siku nyingine, tafadhali.

Binti wa Mtoni: Nilitaka kupita kimya, nimeshindwa. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikodi msumeno wa injini afyeke miti ya kando ya mto aongeze shamba. Siku ya tatu ulibaki mkuyu mmoja, na juu yake karasinga wanne: dume, majike wawili, na kitoto kimemng'ang'ania mama tumboni. Miti waliyokuwa wakipitia kurudi msituni yote ilikuwa imelala chini. Hawakulia. Msumeno unanguruma, wao wametulia kama magome. Vijana wakaja na mbwa. Mkuyu ulipoanza kuinama dume akaruka, akakimbilia mtoni, maana hawa wanaogelea vizuri. Mbwa wakamfuata. Jike mmoja akavuka. Mwenye mtoto alishuka mwisho, akanasa kwenye matawi yaliyokatwa, na mbwa wakarudi. Nilikimbia na jembe. Sikuwahi. Baba alisimama pale kofia mkononi. Mwaka ule hakupanda kitu sehemu ile, wala hakusema kwa nini.

Nyar Kisumu: Pole sana dada.

Msafiri Nakuru: Nimesoma mara mbili. Na kitoto?

Binti wa Mtoni: Kilikuwa hai. Mama alikipa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Kilikaa siku mbili.

Shemeji wa Kitale: Mngekipeleka kwa askari wa wanyamapori.

Binti wa Mtoni: Hatukujua pa kukipeleka. Nilikuwa mtoto.

Msafiri Nakuru: Mwache, Shemeji. Tuseme la kufanya sasa. Ng'oeni mikaratusi mtoni, inakausha maji.

Mama Watatu: Mikaratusi ndiyo karo ya wanangu. Ataing'oa nani?

Mzee wa Cherangani: Iache juu kilimani, mtoni rudisha mikuyu. Karasinga hakai mbali na maji, na akikosa miti inayogusana hawezi kutoka Saiwa kwenda kokote.

Shemeji wa Kitale: Mkuyu unachelewa, anzeni na mianzi.

Mama Watatu: Na mahindi yalindwe na mbwa.

Msafiri Nakuru: Mbwa tena, baada ya hadithi hiyo? Mpe kijana wa jirani mandazi apige debe wakimbie.

Mkulima Halisi: Binti wa Mtoni, huo mkuyu ulikuwa upande gani wa daraja? Nalima hapo chini. Kuna wawili hushuka kunywa maji jioni, nami nilikuwa nimepanga kufyeka mwezi ujao.