Paterson alitunga sheria ya mahakama afu akawa jaji humohumo, iliwezekanaje?

Mpekuzi: Wakuu, namsoma huyu William Paterson wa New Jersey. Wakili, mwanasheria mkuu wa jimbo toka 1776, seneta 1789, gavana, afu 1793 jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Sasa akiwa seneta si ndo alishiriki kuandika Sheria ya Mahakama ya 1789 iliyoanzisha hivyo viti? Katiba yao haikatazi?

Sheria_Mkononi: Inakataza, na George Washington mwenyewe alinasa hapo. Alipeleka jina Seneti 27 Februari 1793, kesho yake akaliondoa mbio. Seneta hapewi cheo kilichoundwa ndani ya muhula aliochaguliwa, na hata ukijiuzulu hujapona maana Paterson alishaacha useneta 1790 ila muhula wenyewe ulikuwa haujaisha. Ulipoisha, 4 Machi jina likarudi na akapitishwa siku hiyohiyo. Siku chache tu za kusubiri, basi.

BintiHistoria: Mi namkumbuka zaidi kwa ule mkutano wa kuandika katiba, Philadelphia 1787, Mpango wa New Jersey ulikuwa wake, yani kila jimbo kura sawa hata liwe dogo vipi. Mpango ulikataliwa ila ile Seneti ya watu wawiliwawili kila jimbo imetokana na kelele za hao wa majimbo madogo.

Njemba: Msimpambe sana. Enzi hizo majaji wa Mahakama ya Juu walizunguka majimboni kusikiliza kesi, na Oktoba 1798 kule Vermont akamkuta mbunge Matthew Lyon, kashtakiwa kwa Sheria ya Uchochezi kisa kumsema Rais Adams. Lyon akajitetea kwamba sheria yenyewe inavunja katiba, Paterson akaiambia juri, yani wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba hilo haliwahusu. Miezi minne jela na faini dola 1,000! Wananchi nao wakamchagua tena akiwa ndani 😂

Mpekuzi: Duh. Na huko kuzunguka nani aliwapangia?

Sheria_Mkononi: Si sheria ileile ya 1789 😀 Na 1803 kwenye kesi ya Stuart v. Laird mtu alipopinga, eti majaji hawa hawakuteuliwa kukaa mahakama za mzunguko, aliyeandika hukumu ni Paterson: wamefanya hivyo miaka yote toka mahakama zianze na hakuna aliyelalamika, kwahiyo hoja imechelewa.