Canter ya Baba (kikundi cha familia, Malindi)

*Alhamisi*

Da Zuhura 19:42
Asalaam aleikum jamaa. Nasema mapema mtu asije akadai hakuambiwa. Maembe ya Marafa yameanza kuiva na mwenye shamba amenipigia jioni hii. Ataka gari la uhakika, si la kusukumwa. Jumamosi asubuhi twakutana nyumbani Barani, lori letu la Canter litengenezwe. Kila mtu ajibu, yuwaja au haji.

Da Zuhura 19:45
Maradhi yenyewe ni haya. Asubuhi haliwaki mpaka lipampwe kwa mkono pale kwenye filta. Likiwaka latoa moshi mweupe unaowasha macho, likishika joto moshi waisha. Likipakiwa lavuta kwa shida. Na breki, Hamisi asema akanyaga mara mbili ndipo zishike.

Da Zuhura 20:30
Tiki za buluu naziona. Majibu siyaoni.

Swaleh 20:51
Waaleikum salaam. Gari lenyewe laamka kama Hamisi, mpaka lipampwe 😂😂

Fatma 20:52
😂😂😂

Da Zuhura 20:53
Swaleh, waja au huji?

Swaleh 20:53
Naja. Kutakuwa na mahamri?

Omar Mombasa 21:15
Mimi nilisema tangu mwaka jana. Dawa ya hilo gari ni tabo, ile ya kuisukumia injini hewa zaidi. Kuna jamaa huku afunga kwa siku moja, litavuta mpaka mshangae.

Hamisi 21:17
🔥🔥 Naunga mkono

Da Zuhura 21:20
Nimemtia Fundi Katana kikundini, aseme yeye.

Fundi Katana 21:44
Habari za jioni nyote. Bwana Omar, samahani nitakupinga kidogo. Injini hiyo ni 4D33, ujazo wake sisi (cc) 4,214, haikutoka kiwandani na tabo. Yenye tabo ni 4D34, na hiyo pistoni zake ni milimita 104, hii yenu ni 108. Mitsubishi wenyewe walipotaka tabo walitengeneza injini nyingine, hawakuchomelea juu ya hii. Ukiifunga hapa na kuongeza mafuta kwenye pampu, litavuta kweli, lakini joto litapanda na gasketi ya hedi itaondoka. Mkikosa bahati na pistoni nayo itatoboka.

Fundi Katana 21:49
Tatizo la asubuhi ni hewa. Usiku dizeli inarudi tangini kwa sababu kuna mahali mpira umepasuka au washa ya shaba imechoka. Ndiyo maana mkipampu linawaka. Nitafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu, mtajionea wenyewe.
Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli ambayo haikuungua. Basi tapeti, yaani uwazi wa vali, zisetiwe, na nozo zinazonyunyiza dizeli zipimwe. Tapeti ni milimita 0.4, injini IKIWA BARIDI. Naomba Jumamosi mtu asiliwashe gari kabla sijafika.

Da Zuhura 21:50
Mmesikia? ASILIWASHE MTU.

Bi Mwanaisha 22:10
Maji ya kisima yatosha kwa rejeta au ninunue?

Fundi Katana 22:14
Mama, ya kisima usitie kabisa. Visima vya hapa vina chumvi, inakula rejeta na njia za maji ndani ya bloku. Tia kulanti. Ukikosa, maji ya mvua, na hayo ni ya kukufikisha tu.

Fatma 22:20
Kwani Jumamosi si ndiyo arusi ya kina Mwanajuma?

Swaleh 22:21
Basi pilau iko 😋

Fatma 22:21
Kanga za sare zimeletwa jamani? Mimi yangu sijaiona

*(ujumbe kadhaa kuhusu kanga)*

Da Zuhura 23:02
Kanga zina kikundi chake. Hapa ni gari.

*Jumamosi*

Da Zuhura 07:10
Nimefika. Fundi yuwaja. Wako wapi wanaume wa nyumba hii?

Da Zuhura 07:38
Hamisi, ni nani aliyeliwasha gari? Injini ya moto!

Hamisi 07:41
Nililitoa juani tu Da Zuhura, dakika chache. Nimeliweka chini ya mwarubaini fundi apate kivuli.

Fundi Katana 07:55
Hakuna neno. Tapeti zitangoja mchana. Tuanze na mafuta.

Hamisi 09:20
[picha]
Oneni wenyewe. Hapa ni kile kichujio cha maji kando ya tangi. Fundi amefungua skrubu ya chini kukingia kwenye gilasi. Yaliyotoka mwanzo si dizeli, ni maji yenye kutu. Dizeli imekuja baadaye ikaelea juu.

Omar Mombasa 09:31
Mafuta mwanunua wapi?

Hamisi 09:33
Sheli. Mara nyingi.

Omar Mombasa 09:33
Na hizo mara nyingine?

Hamisi 09:40
Kuna jamaa wa madebe, bei nafuu.

Fundi Katana 09:58
Hayo acheni. Ya madebe huwezi kujua yametoka wapi, na mengi huchanganywa mafuta ya taa. Ndiyo sababu 2018 serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, lakini mchezo haujaisha. Dizeli ndiyo inayolainisha plenja za pampu na sindano za nozo. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, chuma kinakwanguana kwa chuma.

Hamisi 10:47
[video]
Ule mpira wa fundi. Tazameni vitone vya hewa, vyaja kimoja, kingine, halafu mfululizo. Mimi nilidhani ni mafuta matupu yanayopita humo siku zote.

Swaleh 10:52
Samaki je, hamjamuona? 😂

Fundi Katana 11:15
Tumepata. Mpira wa kutoka tangini umepasuka pale unapopita kwenye chesisi, kutu ya chumvi ya bahari imeuchimba kwa chini. Ukiutazama kwa juu huoni kitu, ukiukunja ndipo mdomo unafunguka. Tumekata tukatia mwingine, klipu mpya, na washa za shaba mpya kwenye filta. Hewa imetolewa. Tutalala nalo, kesho asubuhi liwashwe bila kupampu.

Da Zuhura 11:16
Alhamdulillah. Sasa breki, na nataka picha.

Fundi Katana 12:30
[picha] [picha]
Gurudumu la nyuma kushoto. Wili silinda inavuja, breki shu zimelowa. Zikishalowa hivi hazisuguliwi kwa msasa zikarudi, ni za kutupa. Na fluidi yote ni nyeusi. Fluidi ya breki inafyonza unyevu wa hewa, na hapa bahari iko mlangoni, ndiyo silinda zinashika kutu kwa ndani. Imwagwe yote itiwe mpya, si kuongeza juu.

Hamisi 12:41
Tukitengeneza hilo moja la kushoto kwanza? Maembe yangojea.

Da Zuhura 12:42
Fundi, na betri? Moja imekauka maji, nyingine yalala kila mara. Zilinunuliwa siku moja.

Fundi Katana 12:55
Gari hili ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatanishwa. Kuna mtu amechukua waya wa redio kwenye betri moja tu. Hiyo inaishiwa kila siku, mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Zinakufa zote mbili, kila moja kwa kifo chake. Redio ifungiwe konveta ya 24 kwenda 12, au itolewe.

Omar Mombasa 13:20
Haya. Sasa tumeijua redio ya Garsen.

Da Zuhura 13:21
Omar, tafadhali.

Omar Mombasa 13:22
La, niacheni niseme. Betri zile nilizinunua mimi, mpya, baada ya yale ya kulala barabarani Garsen. Nikaambiwa zimekufa kwa sababu nilinunua za bei ya chini. Mbele za watu nikaambiwa. Kumbe ni redio.

Hamisi 13:30
Ujumbe huu umefutwa

Omar Mombasa 13:31
Nimeuona kabla hujafuta.

Hamisi 13:35
Wewe uko Mombasa. Aliyelala Garsen barabarani ni mimi na taniboi, si wewe. Redio ndiyo iliyokuwa ikituweka macho.

Aisha Nairobi 13:50
Salaam. Niko kazini, nimekuta ujumbe zaidi ya mia. Kwa ufupi kumetokea nini?

Swaleh 13:51
Gari limepona, watu ndio wameugua.

Da Zuhura 13:58
Naomba tuyaache. Fundi amemaliza tapeti na aniambia zilikuwa zimeachana vibaya, moja imebana mpaka fila ya kupimia haipiti. Zimebaki nozo. Lazima zikapimwe kwenye mashine Mombasa, ionekane kama zanyunyiza laini au zatona. Omar uko huko huko. Ukipelekewa kwa basi la alfajiri utazipokea?

Da Zuhura 16:20
Omar?

Da Zuhura 18:45
Kila mtu elfu tatu, kwa nambari yangu ya M-Pesa mwaijua. Mpaka sasa nina ya Bi Mwanaisha na ya Swaleh nusu.

Swaleh 18:50
Nusu nyingine baada ya pilau inshallah

Ami Faraj 21:08
Asalaam aleikum. Nimeyasoma yote. Zuhura, Omar, Hamisi, na nyinyi mliokaa kimya.
Gari hili ndugu yangu marehemu alilinunua kwa jasho lake. Alikuwa akilala chini yake na tochi mdomoni. Sikumuona hata siku moja akipakia mzigo na breki ana shaka nazo. Nyinyi mwataka kuteremka daraja la Mtwapa na maembe mpaka juu, mbele yenu matatu imejaa watoto wa watu, na mguu wakanyaga mara mbili. Huyo atakayegongwa mtamwambia tulikuwa twangojewa na mwenye shamba?
Gari halitoki uani mpaka breki zitengenezwe magurudumu yote manne. Tabo isitajwe tena hapa. Omar arudishiwe pesa zake za betri. Na la Garsen lisirudiwe, si kwa ubaya wala kwa mzaha. Swaleh nakusudia na wewe.

Da Zuhura 21:09
Labeka Ami. Tumesikia.

Hamisi 21:14
Naam Ami. Redio nimeitoa jioni hii hii. Kaka Omar, unisamehe.

Bi Mwanaisha 21:20
Mungu akuweke shemegi. Umenikumbusha ile tochi.

Swaleh 21:33
Naam Ami.

*Jumapili*

Hamisi 06:12
[ujumbe wa sauti 0:21]
Limewaka! Ufunguo mara moja, sijapampu! Moshi bado upo lakini si kama ule.

Fundi Katana 06:40
Vizuri. Huo uliobaki nadhani ni wa nozo. Hamisi, kila Ijumaa fungua ile skrubu ya kichujio umwage maji. Na tangi lijazwe jioni, lisilale tupu, ule uwazi ndio unaoleta umande ndani.

Da Zuhura 06:45
Alhamdulillah. Sasa tupange. Wili silinda za magurudumu yote manne, shu na fluidi fundi atanunua leo akipata pesa. Mwenye shamba nimemwambia angoje mpaka Alhamisi, amekubali kwa shingo upande na asema kuna gari jingine la Mambrui lamuulizia. Nahitaji (1) elfu tatu za kila mtu (2) Omar kuhusu nozo (3) pesa za betri za Omar zatoka mfuko gani? Ami amesema arudishiwe, hakusema na nani.

Fatma 09:15
Kwa mzigo wa kwanza zikatwe hapo.

Hamisi 09:20
Mzigo wa kwanza si tulisema ni wa kulipia inspekshen?

Da Zuhura 09:21
Inspekshen ni lazima, hiyo haiguswi. Omar?

Aisha Nairobi 11:02
Nimetuma elfu sita, yangu na ya Omar. Mtamalizana naye wenyewe. Na nozo je, ni ndani ya hizo elfu tatu au ni mchango mwingine?

Da Zuhura 11:05
Ni mwingine 🙏🏽 Fundi hawezi kukisia mpaka zipimwe.

Omar Mombasa 14:37
Zitumeni kwa basi la saa kumi na mbili. Zifungwe kila moja kivyake, midomo isigongane, na mziandike nambari za silinda. Nitapokea. Lile jingine tutazungumza mimi na Ami.

Da Zuhura 14:38
Shukrani ndugu yangu. Hamisi, nani azitoa, fundi leo yuko?

Hamisi 15:50
Fundi yuko Ganda arudi Magharibi. Spana ya nozo anayo yeye.

Da Zuhura 15:51
Basi la kesho litakosekana hivyo! Katana, waweza kupita hata usiku?

Fatma 16:30
Samahani, ile sufuria kubwa ya arusini iko kwa nani?