Mrejesho: Mama aliyekatwa utumbo mwembamba

Wapendwa, miezi minane iliyopita niliuliza kama virutubisho vya ziada vingemsaidia mama, aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba na akawa anaharisha kila anachokula. Asanteni sana. Kilichomsaidia zaidi ni kupunguza maji matupu na kunywa ORS (mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari) kidogo kidogo, kwani chumvi na sukari zikiwa pamoja utumbo hufyonza maji vizuri. Vitamini B12 anachomwa sindano, maana sehemu inayoifyonza ndiyo iliyoondolewa. Daktari anasema utumbo uliobaki huweza kujizoesha hata kwa miaka 2, na chakula chenyewe ndicho kinachouamsha. Pete yake ya ndoa tulikuwa tumeizungushia uzi isidondoke. Jana ameutoa uzi, pete imekaa.