Vijana wameacha kuja kwenye maombi, niongeze kufunga au nifanyeje?

MlinziWaZamu
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mratibu wa maombi ya vijana kanisani kwetu, huu ni mwaka wa tatu. Kila Jumatano jioni tunakutana, tunaomba nao na kuwaombea. Walikuwa hawapungui 20. Jumatano mbili mfululizo wamekuja wanne, na kati yao wawili ni mpiga kinanda na mpiga ngoma, yaani hao wangekuja tu. Walikuwa wa moto kweli, sijui adui kapitia wapi. Nimefunga siku tatu, sijaona badiliko. Naombeni maandiko ya kusimamia, na mwenye utaratibu mzuri wa mkesha wa vijana anisaidie. Usiku silali.

Shemasi Mstaafu
Pole mtumishi. Siku tatu ni chache. Danieli alijinyima wiki tatu nzima, soma Danieli 10. Vijana wa siku hizi wamemezwa na simu. Sisi tuliamshwa alfajiri kwa fimbo, tukaomba tukiwa na usingizi, na watu tumekuwa.

Kinubi Kimoja
Matendo 20:9. Kijana Eutiko alikaa dirishani, Paulo akahubiri mpaka usiku mwingi, kijana akasinzia na kudondoka kutoka ghorofa ya tatu. Kama Paulo mzima alidondosha kijana kwa kurefusha ibada, wewe ni nani mkuu? Punguza muda.

Mama wa Mapacha
Mwenzangu, haya nimeyapitia. Kulwa wangu aliacha kanisa, basi nikawa naomba kwa sauti chumbani kwangu, ukuta kwa ukuta na yeye, nikijua fika anasikia. Namtaja jina, namlilia Mungu, halafu katikati nachomekea "na umpe roho ya kufua nguo zake." Siku moja akasimama mlangoni akaniambia, mama, ukiwa na neno na mimi si unigongee tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Doto yeye anaimba kwaya, sina shida naye, ila kuamka ndiyo vita. Jana nimemwita mara sita.

Fundi Kimya
Vijana 20 hawaondoki siku moja bila sababu. Jumatano ile ya mwisho waliyojaa, kulitokea nini?

MlinziWaZamu
Hakukutokea kitu mtumishi. Tuliomba kama kawaida. Naomba turudi kwenye maandiko.

Fundi Kimya
Mliombea nini?

chumvi_kidogo
Naweka kiti changu hapa. Fundi akiuliza mara mbili ujue kuna bomba linavuja.

MlinziWaZamu
Sawa. Tuna kisanduku cha mahitaji ya maombi. Kijana anaandika hitaji lake bila jina, anatumbukiza, mimi nasoma na wote tunaomba. Siku ile zilikuwa karatasi 19. Mitihani, ada, mama mgonjwa, ya kawaida. Moja ikasema mwandishi wake akiomba anajiona kama anaongea peke yake, na hajui kama bado anaamini. Nikatambua ni ya nani. Nikamwita mbele tumwombee.

Fundi Kimya
Kwa jina?

MlinziWaZamu
Kwa jina. Lakini sikumtangaza, nilimwombea. Roho ya mashaka ni ya kukemea mapema, ukiiacha inaota mizizi. Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane na kuombeana. Mchungaji kaniunga mkono, na mkesha ni Ijumaa hii, waombezi saba wameshaanza kufunga. Kijana mwenyewe tutamweka katikati, tutamwekea mikono. Hilo limeshapita, msinishauri kuhusu hilo. Nilichouliza ni maandiko.

Fundi Kimya
Yakobo kasema muungame. Kijana aliungama, kwa karatasi, sandukuni. Wewe ndiye uliyemwungamia kwa kipaza sauti. Na Mathayo 6:6 inataja chumba na mlango uliofungwa. Wale wengine 18 walihesabu harakaharaka nani anafuata.

chumvi_kidogo
Kisanduku cha maombi kumbe ni kamera. Mimi ningeandika naombea amani ya dunia nikatoka zangu.

Shemasi Mstaafu
Msimkatishe tamaa mtumishi. Mtoto akiumwa unamficha daktari?

Kinubi Kimoja
Daktari naye hasomi majibu ya vipimo barazani, mzee wangu.

Mpita Njia
Wakuu, nimesoma kimya kimya toka juu. Hii ni chai. Karatasi 19, hazina majina, na mratibu akaikamata moja kwa macho tu? Ana mashine ya kupimia miandiko? Halafu kila mkimbana anatoa kipande kipya, kama tamthilia ya redio. Kesho atasema kijana ni mtoto wa mchungaji. Tunatungiwa.

chumvi_kidogo
Na sukari imekolea.

Mama wa Mapacha
Kama ni ya kutunga basi ya Kulwa nimeyaanika bure. Mleta uzi jitokeze.

Shemasi Mstaafu
Hata mimi nilianza kupata wasiwasi pale kwenye waombezi saba.

*(Kurasa mbili zinapita watu wakibishana kama mtu anaweza kuutambua mwandiko. Mmoja anaeleza kwa kirefu kazi yake ya benki.)*

MlinziWaZamu
Si chai. Mwandiko ule nimeufundisha mimi. Anatumia mkono wa kushoto, kiganja kinaburuta wino ukiwa mbichi, kila mstari unabaki na kivuli cha bluu upande wa kulia. Herufi g anaikunja kinyume tangu darasa la kwanza, nilifuta na kufuta mpaka daftari likatoboka, nikaacha.

Ni mwanangu. Ana miaka 17. Chini ya karatasi aliandika "mama asijue." Hapo sikupasoma kwa sauti. Nilipapita, nikamwita jina.

Mama wa Mapacha
Uwii. Dada yangu.

Mpita Njia
Nimenyamaza. Samahani mama.

Fundi Kimya
Sasa anasemaje nyumbani?

MlinziWaZamu
Anasalimia, anakula, anaingia chumbani. Ijumaa amesema atakuja kama nataka. Hiyo "kama unataka" ndiyo inayonitoa usingizini. Lakini mimi ni mama yake, na ni kiongozi. Ningekaa kimya watu wangesema nini baadaye akipotea kabisa?

Kinubi Kimoja
Mama, leo nitaacha utani. Monika, mama yake Agostino wa Hippo, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alimlilia mwanawe miaka na miaka. Alimwendea askofu mmoja amsihi akaongee na kijana. Askofu akakataa, akamwambia mwache kwanza, wewe muombee tu, mwana wa machozi hayo hapotei. Monika hakutosheka, akamganda. Basi Agostino akamdanganya, usiku mama akiwa kwenye maombi, yeye akapanda meli kwenda Roma. Alibatizwa Milano mwaka 387, ana miaka 32. Mama aliomba usiku ule kwa nguvu zote, na meli ikaondoka vilevile.

Shemasi Mstaafu
Lakini mwisho alibatizwa. Umeona nguvu ya mama?

Fundi Kimya
Mzee, umesikia nusu.

MlinziWaZamu
Waombezi wameshafunga siku ya pili. Nitawaambiaje?

Fundi Kimya
Waambie ulisoma karatasi iliyosema usijue. Kisha waendelee kufunga wakipenda, kila mtu kwake. Na wale vijana 18 nao uwaambie hivyohivyo, kwa kipaza sauti kilekile.

chumvi_kidogo
Na kisanduku kipewe mtu asiye na mtoto pale ndani.

MlinziWaZamu
Kipaza sauti hapana, hapo mnanionea.

Taa ya chumbani kwake inawaka. Mama wa Mapacha, yule wako alisema umgongee, siyo?

Mama wa Mapacha
Gonga tu. Usiingie na Biblia mkononi.

Jeshi la Alfajiri
Shalom, nimechelewa uzi, sijasoma kote. Mtumishi, hiyo ni madhabahu ya ukoo, funga kavu siku saba. Mkesha unaanza saa ngapi nije na timu?