Mavi ya mbwa ufukweni mnayafanyaje?

Wakuu habari. Nipo Shangani hapa Mtwara, kila asubuhi natoka na mbwa wangu mpaka ufukweni, akishakunya nafukia tu na mchanga, sasa jana mama mmoja kaniambia mwanangu hapo watoto wanacheza peku, nikaona aibu kweli. Na nyumbani anakojoa barazani palepale kila siku.

Mkorosho: Mama kasema kweli. Ukifukia mayai ya minyoo yanaangua humohumo mchangani, vinyoo vyake vinapenya ngozi ya mguu vinachora mistari inawasha balaa, mwanangu yalimkuta. Beba mfuko, uvae mkononi kama glavu, zoa, geuza, funga. Rambo zilipigwa marufuku 2019 ndo maana mi natunza mifuko ya mkate. Barazani osha na sabuni halafu siki, harufu ikibaki anarudi tu.

Bi Lindi: Mi nimechimba shimo refu nyuma, mbali na kisima, na mbwa nampa dawa ya minyoo kila miezi 3. Usije ukaweka kwenye mchicha jamani, sio samadi ya ng'ombe hiyo.

Muulizaji: Asanteni sana, kesho naanza na mifuko ya mkate.