Naomba ushauri: utafiti wangu ni wa kodi ya nyama, niendelee nao au nibadilishe mada?

MtuWaKwahani (mleta uzi)
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni mwanafunzi wa uchumi hapa Unguja, mwaka wa mwisho. Utafiti wangu unahusu kutoza kodi nyama ya ng'ombe ili kupunguza madhara kwa mazingira. Mwaka 2013 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikadiria kuwa mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ni ya ng'ombe. Mla steki halipii madhara hayo, yanamfika mwengine ambaye pengine nyama yenyewe haionji. Mchumi wa Kiingereza, Pigou, aliyaandika haya tangu 1920: madhara yatiwe ndani ya bei kwa njia ya kodi. Jumatano natakiwa niutetee mbele ya watu. Niendelee au nibadilishe mada? Usingizi sipati.

Pakacha
Waalaykum salaam. Kodi nyengine tena? Sie nyama twaila Idd na maulidi, hayo mazingira tumeyaharibu saa ngapi? Katozeni mahoteli ya Nungwi huko, mzungu mmoja anakula mnofu wa familia nzima ya Makunduchi.

KarafuuKavu
Kwa hiyo ushuzi wa ng'ombe nao unalipiwa? Wakimaliza ng'ombe wahamie kwa babu yangu, akila maharage nyumba nzima tunalala uwani 😂

BiMkubwa_Wete
Wacheni mzaha, mtoto hapati usingizi. Mwanangu, badilisha mada, tafuta kitu chenye kazi. Wangu mie alisomea mambo ya mwani, leo anauza vocha Chake. Na hiyo nyama yenyewe iko wapi? Zamani Vunja Jungu, kabla ya kuingia Ramadhani, tulichinja ng'ombe mtaa mzima ukagawana, mpaka utumbo una mwenyewe. Sasa hivi wanangu wananiletea kuku wa barafu kutoka Brazil, ukimchemsha anatoa maji kama amekuja anaogelea.

Hesabu_Kali
KarafuuKavu, methane, hiyo gesi joto ya ng'ombe, nyingi hutoka mdomoni anapocheua. Huko nyuma wanamsingizia.

Mleta uzi, mada ni nzuri na iko hai. Denmark walikubaliana 2024 kutoza gesi za mifugo kuanzia 2030: kroni 300 kwa tani, zipande hadi 750 mwaka 2035. Lakini kuna punguzo la asilimia 60, kwa hiyo mfugaji ataanza na kroni 120 tu. New Zealand nao walikuwa na mpango kama huo, serikali mpya ikautupa 2024 hiyo hiyo. Na hao hao Denmark waliwahi kutoza kodi ya mafuta ya kwenye vyakula mwaka 2011, watu wakawa wanavuka mpaka kununua siagi Ujerumani. Haikumaliza miaka miwili ikafutwa.

Kwetu ng'ombe wengi wanavushwa kutoka bara. Hiyo kodi unaitoza wapi, bandarini, machinjioni au kwenye mizani ya bucha? Kila mlango una njia yake ya uani.

Halafu kubwa zaidi: unyumbufu wa mahitaji umeupata wapi? Yaani bei ikipanda asilimia 10, kilo zinapungua asilimia ngapi? Hizo data za bucha kakupa nani?

MtuWaKwahani
Ahsante. Data ninazo, za bucha moja ya mjini, miaka minne mfululizo. Mwenyewe hana neno.

Hesabu_Kali
Hana neno au hana habari?

MtuWaKwahani
Hana habari.

Basi niseme tu. Bucha ni ya ami yangu, naye ndiye anayenisomesha. Jioni huwa namsaidia kujumlisha daftari, nikawa napiga picha kurasa. Jumatano kuna waalikwa, na wamo watu wa kodi. Mauzo ya daftarini na yale ya kwenye risiti si sawa.

Lakini jina la bucha sijaliweka popote. Msimamizi nimeshamkabidhi nakala, siwezi kumwambia takwimu zimeruka. Na nimependekeza mapato ya kodi yarudi kwa wenye mabucha wanunue majokofu, kwa hiyo ami mwenyewe atafaidika.

Ustadhi_Jadida
Subhanallah. Mtu amekufungulia daftari lake, hiyo ni amana. Ada analipa, chakula analipa, na wewe unamlipa kwa kumuanika! Nenda ukamtake radhi kabla ya Jumatano. Mambo ya gesi tutayazungumza baadaye.

Pakacha
Yaani ami ndiye atakayetozwa, na utafiti wa kumtoza umelipiwa na yeye. Hii ningeiona kwenye tamthilia ningezima tivii.

BuchaYaKona
Mie nauza nyama, nimesoma uzi wote kimya. Bei ikipanda mteja hagombani na mtu. Aliyezoea kusema "kilo, mnofu mtupu" anakuja anasimama pembeni, anasubiri wenziwe waondoke, halafu anasema "nipimie nusu, nichanganyie na mifupa." Wiki ya pili humuoni. Ukimkuta sokoni ameshika pweza anajifanya hakukuona.

MtuWaKwahani
Na daftari ndivyo linavyoonyesha! Siku za kawaida bei ikipanda, mnofu unashuka na mchanganyiko unapanda. Vunja Jungu tu ndiyo tofauti: bei inapanda na kilo nazo zinapanda.

Hesabu_Kali
Angalia pia wanakokimbilia. Kuku kwa kilo moja ana gesi kidogo sana kuliko ng'ombe, kwa hiyo wakienda kwa kuku kodi imefanya kazi yake, hata kama faida ataivuna mfugaji wa Brazil. Lakini wakienda kwa pweza? Watu wa Kisiwa Panza huko Pemba wanafunga mwamba usivuliwe kwa miezi ili pweza wakue. Ukiwasukuma watu wa mjini wote kwenye pweza, madhara umeyatoa hewani umeyatia baharini. Kodi ya kitu kimoja peke yake ina tabu hiyo, na sioni kama umeigusa.

Pakacha
Ngojeni kwanza. Bei inapanda na kilo zinapanda? Hapo si kodi itaongeza ulaji? Jamani hii chai. Na mwezi uliopita mtu huyu huyu aliuliza bei ya pikipiki, akasema yeye mwalimu wa skuli huko Mkoani. Tafuteni uzi wake, upo.

KarafuuKavu
Nimeuona. Chai, tena ina tangawizi na iliki.

MtuWaKwahani
Ule uzi ni wa kaka yangu, tunatumia akaunti moja.

KarafuuKavu
Na ami ni wa akaunti gani? 😂

Hesabu_Kali
Vunja Jungu peke yake haithibitishi kuwa ni uongo. Kila mtu anataka nyama siku moja, ndiyo maana bei na kilo zinapanda pamoja. Nyama ni ghali kwa sababu inatakiwa. Kijana, zitoe siku hizo na za Idd. Chukua wiki ambazo bei ilipanda kwa sababu bahari ilichafuka na chombo cha ng'ombe hakikuvuka. Hapo mteja ni yule yule na hamu yake ni ile ile, kilichobadilika ni bei. Hapo ndipo utaona kodi ingefanya nini.

Pakacha
Tunamfundisha mtu mwenye daftari la kufikirika. Kama lipo, weka ukurasa mmoja tuone.

MtuWaKwahani
Haya. Nimefunika jina la bucha. [picha]
Oneni: mnofu, mchanganyiko, maini, kichwa. Kulia ni madeni. Penye kidoto chekundu ameshalipa, penye alama ya kisu ni mtu asiyekopeshwa tena.

Ustadhi_Jadida
Na wadeni wa watu pia umewaweka hadharani! La hawla.

BuchaYaKona
Kijana, ondoa picha hiyo sasa hivi. Kisu hicho nakijua. Mtu anayekichora bucha yake inatazamana na yangu, na mstari wa tatu ni shemeji yangu.

MtuWaKwahani
Nimeiondoa. Tafadhali usimwambie, nitakwenda kwake mwenyewe leo baada ya Isha.

BuchaYaKona
Mie simwambii. Ila shemeji ndiye aliyenitumia huu uzi.