Wapambaji mnaoharibu vitu vya zamani ili "vionekane vya zamani", mtatulipa lini?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitajifanya nimetulia. Kuna watu mjini hapa wanaojiita wapambaji wa nyumba. Wanachukua fedha zetu kwa ahadi ya kutupa nyumba yenye sura ya kizamani, halafu kazi ya kwanza wanayofanya ni kuviharibu vile vya zamani tulivyonavyo. Mimi nimefanyiwa nyumbani kwangu Kigamboni, na najua humu wapo waliofanyiwa wakameza tu.

Nilichoagiza hakikuwa kigumu. Napenda mitindo miwili na nilitaka ikae pamoja sebuleni na kwenye chumba cha mtoto. Wa kwanza ni ule wa nyumba ya shamba ya Kimarekani: mbao zinazoonekana, meza nzito, kuta nyeupe, vyombo vya bati. Huo ulivuma sana kupitia Chip na Joanna Gaines wa Waco, Texas, baada ya kipindi chao cha runinga kuanza 2013. Wa pili ni Shabby Chic, jina la duka alilofungua Rachel Ashwell huko Santa Monica, California, mwaka 1989: makochi yenye makava meupe ya kuvua na kufua, maua yaliyopauka, lesi, samani za mitumba ambazo rangi yake imebanduka. Mmoja mkavu, mwingine laini, kwa hiyo inasaidiana. Ukiuachia wa shamba kuta, meza na mbao, ukauachia huu mwingine mapazia, vitambaa na maua, chumba kinakaa vizuri na mtu anajisikia yuko nyumbani. Nilimweleza mpambaji hivyo hivyo, nikamwonyesha na picha.

Sasa sikilizeni. Mitindo yote miwili ilianzia kwenye vitu vilivyotumika kweli. Ashwell alikuwa akizunguka kwenye masoko ya mitumba akiokota makabati ambayo rangi yake ilikuwa imeshabanduliwa na miaka. Zile mbao za mlalo za ukutani za mtindo wa shamba zilikuwa ndani ya kuta za nyumba kuukuu za Texas, watu wakazikuta walipobandua karatasi za ukutani. Yaani uzuri wote wa mitindo hii ni kwamba kitu kimeishi na watu. Mpambaji asiyeelewa hilo hajaelewa chochote, hata akiwa na kurasa elfu za picha kwenye simu yake.

Mimi nilikuwa na kasha la bibi yangu mzaa mama, wa Pangani. Kasha la msaji, wengi siku hizi wanauita tiki, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa mistari na miduara mbele nzima, komeo lake la shaba, na ndani upande wa kushoto kile kisanduku kidogo chenye kifuniko ambamo bibi aliweka udi na vikuku vyake. Ukilifungua lilikuwa bado linanukia. Nilisema liwekwe chini ya dirisha, na shuka jeupe la lesi likunjwe juu yake. Basi. Sikuomba liguswe.

Nimerudi kutoka safari nimekuta limepakwa rangi nyeupe lote. Ile rangi ya chaki, aina aliyoibuni Mwingereza Annie Sloan mwaka 1990, ambayo inasifiwa kwamba unaipaka juu ya kitu chochote bila kukipiga msasa. Wameipaka juu ya shaba pia! Halafu wakachukua mashine ya msasa wakakwangua kona na vichwa vya misumari "ili lionekane limechakaa kidogo".

Naomba mnielewe hapa, maana ndipo roho inaponiuma. Kasha lile lilikuwa limelika kweli. Ukingo wa mbele wa kifuniko, katikati, juu kidogo ya komeo, mbao ilikuwa imezama na kung'aa, kwa sababu ndipo bibi, na mama yake kabla yake, walipokuwa wakishika kila wanapofungua. Unaweka vidole vyako pale vinakaa. Hapo pamejazwa rangi na nta mpaka pamekuwa sawasawa. Na kona za chini kabisa, ambazo hazijawahi kuguswa na mkono wa mtu, ndizo zilizokwaruzwa zionekane zimezeeka. Wamefuta uzee wa kweli wakachora wa uongo, na wakaniletea ankara.

Nilipouliza nikajibiwa, "Dada, hiyo ndiyo fasheni, lenyewe lilikuwa limeshachoka." Limeshachoka! Kitu kilichovuka vizazi bila bawaba kulegea. Sasa hivi komeo halifungi kwa sababu rangi imegandia ndani, na kifuniko ukikifungua rangi inabanduka vipande. Msaji una mafuta yake ya asili, rangi haishiki vizuri bila maandalizi. Zaidi ya hayo madoa ya kahawia yameanza kupenya juu ya ule weupe, rangi ya chai ya mkandaa. Fundi yeyote wa mbao aliyesomea kazi anajua kwamba msaji, mvule na mininga hutoa rangi yake, na ukitaka kupaka nyeupe lazima utangulize koti la kuzuia. Hawa hawakujua, na hawakuuliza.

Kasha lingekuwa peke yake ningelia kimya. Lakini chumba cha mtoto ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Juu ya kitanda cha mwanangu wamepigilia rafu na kibao cha kichwani kwa mbao za paleti, zile zinazotoka bandarini na mizigo. Nikaona muhuri ubavuni mwa ubao mmoja: alama ya suke la ngano, herufi za nchi, namba, halafu MB. Wazazi wenzangu, jifunzeni kusoma muhuri huo. Ukikuta HT maana yake mbao imetibiwa kwa joto, ndani yake imefikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wafe. Ukikuta MB imefukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya kuulia wadudu. Mbao hiyo haina kazi ndani ya nyumba, sembuse sentimita chache kutoka pua ya mtoto anayelala. Na hata ya HT hujui ilimwagikiwa na nini melini. Nilipomuonyesha mpambaji muhuri alisema alidhani ni namba ya kiwanda. Mtu anauza samani za paleti kwa bei ya mninga na hajui kusoma muhuri wa paleti! Tumezing'oa usiku uleule.

Ukuta nao. Nyumba yangu ni ya tofali za saruji na iko karibu na bahari. Wamepigilia mbao za paina za mlalo juu ya ukuta moja kwa moja, bila nafasi ya hewa nyuma, bila dawa ya mchwa. Kule Texas hizo mbao ndizo zilikuwa ukuta. Huku kwetu ni mapambo tu, na unyevu unakaa nyuma yake. Tayari chini karibu na sakafu kuna kichuguu chembamba cha udongo kinapanda. Ungetaka ukuta mweupe wenye mikwaruzo ya kizamani pwani hii, chokaa ipo! Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zimepakwa chokaa miaka na miaka, inapumua, inazeeka yenyewe kwa uzuri. Mpambaji wa Pwani asiyeifikiria chokaa anafanya kazi gani?

Na kuna dharau ndogondogo ambazo huenda kwa wengine hazina uzito. Vitambaa vya kufuma vya mama yangu, vya mkono, vya maua, vilitolewa kwenye makochi vikatupwa kwenye boksi la nguo chakavu. Badala yake wakaleta lesi ya plastiki ya dukani. Sahani za bati zenye ukingo wa buluu, birika la bati, chemni ya kioo, vyote vilipelekwa stoo, vikanunuliwa vikopo vipya vya kuiga na kibao chenye maneno ya Kiingereza ya kukaribisha wageni shambani. Yaani nilikuwa na vitu halisi vya mitindo yote miwili ndani ya nyumba yangu, nikalipia viondolewe. Mama alipokuja aliona lile boksi, akakaa chini akaanza kukunja kitambaa kimoja kimoja bila kusema neno. Sitawasamehe kwa hilo.

Wapo watakaosema nilipaswa kusimamia kazi mwenyewe. Hapana. Ukimpa mtu ufunguo na maelekezo ya maandishi, wajibu ni wake. Kwenye ujumbe niliandika wazi: kasha lisiguswe. Jumbe zote nimezihifadhi. Nimedai alipe gharama ya kulirudisha kasha na ya kung'oa mbao za ukutani, yeye ananipa punguzo la kazi nyingine. Kazi nyingine ipi tena, kaka?

Nyinyi wapambaji mnaosoma hapa, na najua mnasoma: kabla hamjapaka kitu rangi, muulizeni mwenye nyumba kilitoka wapi. Mkitaka kuchubua samani ili zifanane na za Ashwell, nunueni makabati ya paina ya shamba la miti la Sao Hill, mpake, mkwangue mpaka mchoke, hakuna atakayelalamika. Makasha, viti vya enzi na vitanda vya samadari viacheni. Hivyo havitengenezwi tena kama zamani, na rangi mkishaipaka kuitoa ni kazi ya miezi.

Sasa nahitaji msaada wenu. Anayemjua fundi wa makasha, awe Unguja, Tanga, Mombasa au Lamu, anayeweza kutoa rangi ya chaki na nta kwenye msaji bila kupiga mashine, aniandikie faragha. Nimeambiwa nta itolewe kwanza kwa tapentaini halafu rangi ilainishwe kwa spiriti, sehemu ndogo ndogo, lakini sitaki kugusa mwenyewe pale kwenye ukingo wa kifuniko kabla sijapata mtu wa kuniambia kama mafuta ya ile mbao yatabaki. Na kama kuna mwanasheria humu anayejua madai ya aina hii yanafunguliwa wapi, naomba anielekeze. Ujumbe, picha za kabla na baada, ankara na ule ubao wenye muhuri ninavyo vyote.